Mursik Kabla ya Maswali

Kuna askari mmoja wa mlangoni pale Kericho mjini ambaye akiniona, hata kama niko upande wa pili wa barabara na nimejificha chini ya mwavuli, anainua mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe, anarudisha kichwa nyuma, anajifanya anagugumia, kisha anajipangusa mdomo na kuniambia kwa heshima zote, "Habari ya asubuhi, wakili." Naitikia na kupita haraka. Alikuwepo siku hiyo na aliona kwa macho yake. Na kwa kuwa nyinyi mmenikalisha hapa mkitaka kusikia, haya, mimineni chai, nitasema yote, hata ile sehemu ya meno ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Mnajua mimi ni mtu wa Sosiot. Nimezaliwa katikati ya majani chai, nimesomeshwa na majani chai, na siku nilipoapishwa kuwa wakili mama alikuja Nairobi na vidole vyake vikiwa bado na ule weusi wa kuchuma ambao hautoki hata kwa sabuni ya unga. Basi nikawa wakili. Shida ni kwamba nilikuwa wakili wa ukutani, yaani cheti kilikuwa kwenye fremu pale sebuleni, na mimi mwenyewe nilikuwa shambani na gamboti miguuni, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwenye mahojiano mawili ya kazi na yote mawili nikaanguka vibaya. Si kwamba sikujua majibu! Nilijua. Lakini nikiona watu watatu wamekaa nyuma ya meza na makaratasi, sauti yangu inaisha. Inabaki sauti ya mbu. Nairobi bwana mmoja aliniuliza mara tatu, "Umesema?" na mara ya nne akaacha kuuliza. Nakuru nilijibu swali zima nikiongea na glasi ya maji.

Kwa hiyo nilikuwa nimejiapia. Nikiitwa mara ya tatu na nikose, basi, sheria naiacha, naenda Nairobi kwa dada yangu tuuze simu na vifuniko vya simu, na kile cheti kibaki ukutani kama picha ya marehemu. Sikuwa na mzaha. Hata dada nilikuwa nimemwambia anitafutie nafasi ya kulala.

Sasa Jumatano moja niko katikati ya mistari ya chai, umande umenilowesha mpaka magotini, simu ikalia. Simu yangu huwa naiweka ndani ya soksi, kwenye gamboti, kwa hiyo kabla niitoe nilicheza ngoma ya mguu mmoja. Mwanamke akaniambia anapiga kutoka ofisi ya mawakili Kericho mjini, wamesoma barua yangu, wanataka kuniona Jumanne saa tatu asubuhi. Kericho! Ofisi ya kesi za mashamba na za wakulima, karibu na nyumbani, kile kitu hasa nilichosomea! Nilipiga ukelele mpaka mama, aliyekuwa mistari minne mbele yangu, akarusha kikapu akidhani ni nyoka.

"Ni nini? Iko wapi?"

"Mama, nimeitwa! Jumanne! Kericho!"

Akanishika mabega akatazama juu, midomo ikicheza, akaomba hapo hapo bila kufumba macho. Tulichuma siku ile kama watu wanaofukuzwa.

Nilikuwa na siku tano tu kabla ya Jumanne, na adui nilimjua kwa jina, ni ile sauti. Nikafikiri, ninachohitaji si vitabu, nahitaji watu nyuma ya meza. Nikaenda kwa Mzee arap Koskei, jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye alifanya kazi ya kuita mafaili na kunyamazisha watu kortini miaka mingi sana hata leo akiingia kwenye mkutano wa maji watu wanakaa wima bila kujua kwa nini. Nikaenda pia kwa Mama Wanjiru mwenye duka pale sokoni, ambaye anajua kumuuliza mtu maswali mpaka mtu akumbuke hata asichokifanya. Wote wawili wakakubali kunifanyia mahojiano ya kujaribu, Alhamisi baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwetu. Mama hakuwepo, alikuwa amepeleka majani kituoni kusubiri lori la kiwanda. (Shikeni hiyo. Mama hakuwepo. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia.)

Tukatoa meza nje na kuitandikia kitambaa. Mzee alikuja amevaa tai. Mama Wanjiru alikuja na daftari la dukani na kalamu sikioni. Kiti cha tatu akakikalia paka. Swali la kwanza, sauti ikaisha kama kawaida yake. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapana. Hakimu hawezi kusikia hiyo. Hebu enda kule mwisho wa shamba."

"Kule wapi, Mzee?"

"Kule kwa ua ya Bot Kiprono. Tutakuuliza kutoka hapa, na wewe utatujibu kutoka kule. Tusiposikia, umeshindwa kesi."

Basi nikaenda. Suti juu, gamboti chini, nimesimama kwenye chai ya kiuno mwishoni mwa shamba, na Mzee akiwa kule juu mbele ya nyumba anangurumisha maswali. Mwanzo nilijibu kwa aibu. Mama Wanjiru akapaza sauti, "Hatusikii, mami! Ongea kama mtu anadaiwa majibu!" Nikajaribu tena. Na tena. Halafu sijui kitu gani kilifunguka kifuani, kwa sababu ghafla nikaanza kusikia sauti yangu ikirudi kutoka mlima wa pili! Nikaeleza sheria ya mipaka ya mashamba kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Mama Wanjiru akauliza, "Na mtu akikuja akwambie ukweli kwamba ameiba, utamtetea aje?" nikamjibu mpaka wachumaji wa shamba la jirani wakasimama na vikapu mgongoni kusikiliza. Jamani, nilikuwa na raha! Nilikuwa natembea huku na huku kwenye ule mstari, mikono hewani, suti imejaa vipande vya majani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijiona wakili.

Mzee akagonga meza kwa kiganja mpaka paka akaruka.

"Korti imeridhika! Chelangat, kazi umepata! Utaanza Jumanne!"

Mama Wanjiru akapiga vigelegele, mimi nikaruka juu, na upande wa pili wa ua jirani yetu Bot Kiprono, yaani mama Kiprono, aliyekuwa anapita na kikapu kilichojaa akikimbilia lori, akasimama.

"Chelangat! Umepata kazi?" akaita. "Hongera, wakili!"

Na hapa ndipo penyewe. Ningeweza kutembea hatua kumi mpaka kwenye ua nikamwambia, hapana mama, huu ni mchezo, tunajaribu tu. Hatua kumi! Lakini mzigo wake ulikuwa mzito, lori lilikuwa limeshapiga honi, na kusema kweli lile neno lilikuwa tamu sikioni. Nikainua mkono nikamwambia, "Kongoi!" Yaani asante. Neno moja tu, na Bot Kiprono akaenda zake.

Kama hujawahi kukaa kituo cha majani ukisubiri zamu ya kupima, hujui habari inavyotembea. Watu hawana kazi nyingine pale. Wanachambua majani, wanangoja, na wanaongea. Bot Kiprono alifika, akaweka kikapu chini, na kabla karani hajamwandikia kilo zake kituo kizima kilikuwa kinampa mama mkono. Mimi sijui lolote. Mzee na Mama Wanjiru wameshaondoka, nimekaa jikoni najisomea, nikasikia mtu anaimba njiani. Nikatoka. Alikuwa mama, kikapu kitupu kichwani kama kofia, anacheza peke yake barabarani, machozi mpaka kidevuni. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akiimba nje ya kanisa.

"Mungu ni mwema! Wamekupatia hata bila kukuuliza!"

"Mama, ngoja kwanza..."

"Hata bila kukuuliza! Wameona tu karatasi!"

Akanibeba. Mimi, mtu mzima mwenye shahada, miguu ikaacha ardhi. Nikajiambia acha ishuke kwanza hiyo furaha, nitamwambia jioni. Jioni nikaenda jikoni nikamkuta anasafisha sotet, kile kibuyu chake kizuri chenye ushanga, anakisugua ndani kwa kijiti cha senetwet kilichochomwa, ule mkaa unaoipa mursik, yale maziwa yetu ya mgando, rangi na harufu yake. Kisha akamimina maziwa yaliyopoa na kukifunga. Mnajua maana yake. Mursik ya kawaida inawekwa kwenye kibuyu chochote, lakini ile ya kibuyu cha ushanga ni ya mtu aliyerudi nyumbani na ushindi. Nikasema nitamwambia kesho.

Kesho yake watu walianza kuja. Mmoja na kuku, mwingine na ndizi, wa tatu na kesi ya ng'ombe aliyevuka mpaka. Mama Wanjiru aliposikia dukani alikuja mbio na jozi ya viatu vyeusi. "Kumbe walikupigia jana tu tukitoka! Enyewe Mungu ako." Na Mzee, badala ya kuniuliza, alijipongeza mwenyewe. Aliniambia alijua, kwamba sauti kama ile lazima iliwafikia mpaka Kericho. Mimi nilitabasamu tu. Nilijitetea moyoni kama wakili, kwamba sijadanganya mtu, nimenyamaza, na kunyamaza si kosa. Tena nikajipa moyo na kusema, Jumanne nitaipata hiyo kazi kwelikweli, na hakuna atakayejua kwamba furaha ilitangulia siku chache! (Angalieni akili hiyo. Na nilikuwa na leseni ya kushauri watu.)

Jumapili nikaitwa mbele kanisani. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akashukuru kwa ajili ya "wakili wetu", na kipaza sauti nikapewa mimi. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasema Bwana asifiwe, na ile sauti mpya, ambayo sikuwa nimeizoea, ikatoka nene na nzuri hivi kwamba watu wakapiga makofi, nikaongeza sentensi mbili. Mama kiti cha mbele alikuwa anang'aa. Nilirudi kukaa, na sasa nikaelewa kitu. Nikikosa kazi Jumanne, sitaanguka peke yangu. Nitamwangusha na yeye mbele ya watu wote hao.

Jumatatu jioni nilimwambia nitaondoka alfajiri, peke yangu, asisumbuke. Akasema sawa. Alisema sawa haraka sana, na mimi mjinga nikashukuru.

Jumanne, kabla ya saa tatu, nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha mapokezi cha ile ofisi, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabati. Blauzi nyeupe, viatu vya Mama Wanjiru, moyo unapiga. Lakini ulikuwa unapiga vizuri! Nataka mjue hilo. Sikuwa naogopa kama Nairobi. Tulikuwa watano tunaongoja kuhojiwa, kila mtu na faili lake magotini, pamoja na kijana mmoja anayeitwa Brian ambaye viatu vyake vilikuwa vinaonyesha dari. Ndani nilikuwa narudia majibu yangu nikijiona bado nimesimama kwenye chai. Nilikuwa tayari. Wallahi nilikuwa tayari.

Kisha nikasikia honi. Halafu kuimba.

Wimbo niliujua kabla ya maneno. Ni ule wimbo wa akina mama wa kanisa letu, na sauti ya kuanzisha ilikuwa ya mama. Nikaenda dirishani. Chini, mbele ya duka la mabati, pikapu ya Mama Wanjiru ilikuwa imesimama, na kutoka nyuma walikuwa wanashuka wanawake kumi na wawili waliovaa sare za ushirika, Mzee arap Koskei na tai yake, na mama amekumbatia sotet ya ushanga kama mtoto mchanga. Kila mmoja alikuwa na mkono mzima wa sinendet, ule mmea unaotambaa tunaomvisha shingoni bwana harusi, au mkimbiaji akirudi na medali. Askari wa mlangoni alijaribu. Namheshimu kwa kujaribu. Mama Wanjiru alimwambia, "Wee, sogea, tunaleta mfanyakazi wenu," na ngazi ikaanza kutetemeka, yeye akiwafuata nyuma.

Nilitafuta mahali pa kujificha na nikagundua kwamba chumba cha mapokezi hakina mahali.

Waliingia wakiimba. Sinendet ya kwanza ikatua shingoni, ya pili ikanifunika sikio, ya tatu nilipoteza hesabu. Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama na simu mkononi, mdomo wazi. Mama akafungua kibuyu, akajaza kikombe, akanisogezea kwa mikono yote miwili.

"Kunywa, mama. Siku yako ya kwanza."

Sasa niambieni, ungefanya nini? Mursik kutoka mkononi mwa mama yako hairudishwi. Haijawahi kurudishwa na mtu ninayemjua. Nikanywa. Ilikuwa nzito, baridi, chachu yake imekubali kabisa (ilikuwa mursik nzuri, siwezi kumnyima hilo), na ikabaki kidogo kwenye mdomo wa juu. Kisha mama akawageukia wale wanne.

"Na hawa ndio wenzako wa kazi? Chamgei, watoto wangu. Karibuni. Mtusaidie kumwangalia."

"Lakini sisi pia tumekuja..." Brian alianza.

"Kunywa kwanza, utaongea baadaye."

Brian akanywa. Wote wakanywa! Hata msichana wa mapokezi alinywa. Wanawake walikuwa wameanza ubeti wa tatu, na Mzee alikuwa anakagua kalenda ya kesi ukutani akitikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo mlango wa ndani ukafunguka akatoka Wakili Moraa mwenyewe, mwenye ofisi, mwanamke mrefu, miwani kwenye ncha ya pua.

"Kuna nini hapa?"

Mzee arap Koskei aligeuka na mwili wake ukafanya kazi kabla ya akili. "Kimya kortini!" akanguruma.

Kimya kikaanguka. Hata barabarani nadhani kilianguka.

Mama akapiga hatua moja mbele, akainama kidogo. "Chamgei, madam. Sisi ni watu wa Chelangat. Hatutachelewesha kazi. Tumekuja kusema asante kwa kumpatia kazi huyu mtoto. Baba yake hakuona hii siku, lakini mimi nimeiona."

Wakili Moraa akamtazama mama. Akanitazama mimi, na yale majani yote shingoni. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Tumempatia kazi?"

Nilitamani ile ghorofa ishuke mpaka kwenye mabati. Nilijua nikinyamaza tena hata sekunde moja, huyu mwanamke ndiye atakayemwambia mama, na mama atasikia kutoka kwa mgeni kwamba alicheza barabarani bure. Nikafungua mdomo nikitegemea mbu. Ikatoka ile sauti ya shambani, ile ya mwisho wa mstari wa chai, na ilikuwa inatetemeka lakini ilifika kila pembe.

"Mama, sijapata kazi. Bado. Leo ndiyo nimekuja kuulizwa maswali, mimi na hawa wenzangu, na mmoja tu ndiye atachukuliwa. Alhamisi tulikuwa tunajaribu tu nyumbani na Mzee na Mama Wanjiru. Bot Kiprono alisikia, akanipongeza, na mimi nikaitikia. Ningewaambia siku hiyo hiyo. Niliona mnavyofurahi nikaogopa. Nisameheni."

Mama alikuwa bado ameshika kikombe. Nikaona shangwe ikimtoka usoni polepole, kuanzia macho, na hilo jamani ndilo linaloniumiza mpaka leo, si kucheka kwa askari wala kitu kingine.

"Tangu Alhamisi?" akauliza.

"Tangu Alhamisi."

Akafunga kibuyu. Akakipangusa kwa leso. Akawaambia wenzake, "Twendeni nje. Mtoto ako na maswali." Na wale wanawake kumi na wawili wakashuka ngazi kimya, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mazishini.

Niliitwa wa kwanza. Nafikiri waliona afadhali wanimalize mapema. Nyuma ya meza walikuwa watu watatu, Wakili Moraa katikati, bwana mmoja mnene kulia, na kijana mwenye kompyuta kushoto. Swali la kwanza alilisoma yule bwana mnene kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa tangu wiki iliyopita, maskini, hakuwa na nia mbaya.

"Tuambie kuhusu siku moja ulipolazimika kumpa mteja habari mb..."

Akamtazama Wakili Moraa. Wakili Moraa akatazama dirisha. Kijana wa kompyuta akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Nikasema, "Dakika tano zilizopita, bwana. Na nilichelewa siku tano."

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. Lakini Wakili Moraa hakucheka, aliniuliza, "Na umejifunza nini?" nikamwambia ukweli, kwamba habari mbaya niliyoificha Alhamisi ilikuwa ya mtu mmoja kwenye ua, na kufika leo imekuwa ya kanisa zima, na kwamba mteja wangu nitamwambia siku ile ile, hata kama ameniletea kuku. Baada ya hapo wakaniuliza mipaka ya mashamba na nikawajibu kwa sauti ambayo bwana mnene aliniomba niipunguze kidogo. Nilijieleza! Nilitabasamu! Kila jibu nililimaliza kwa tabasamu pana, kama Mzee alivyonifundisha, na wote watatu walikuwa wananitazama mdomoni kwa makini sana, nikajiambia, Chelangat, leo wanasikiliza.

Nilipotoka nikaingia msalani, nikajitazama kwenye kioo. Sinendet nilikuwa nayo bado, yote. Na mkaa wa mursik ulikuwa umejipanga kwenye meno yangu ya mbele, moja jeusi, moja jeupe, moja jeusi. Nilikuwa nimetabasamu hivyo kwa nusu saa.

(Brian naye aliingia na masharubu ya maziwa. Sikumwambia. Nilikuwa sina nguvu za habari mbaya ya pili.)

Walikuwa wananingoja kwenye pikapu. Mama Wanjiru akasema tu, "Ngai, Chelangat, hata mimi?" Mzee akasema kwa upole kwamba hata hivyo sauti ilisikika mpaka duka la mabati. Mama alinisogezea nafasi ya kukaa, akatazama barabara mpaka tukafika nyumbani. Jumapili iliyofuata niliomba kipaza sauti mwenyewe, nikasimama mahali pale pale, nikasema yote. Hakuna aliyepiga makofi.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. Nimepata! Nilisoma mara sita. Nilikimbia katikati ya chai nikipiga kelele, na Bot Kiprono kutoka upande wake wa ua akanyanyua kichwa akauliza, "Umepata tena?"

Hakuna aliyeamini. Mzee aliiweka ile barua juani akachunguza muhuri mpaka nikaogopa atautafuna. Mama aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Ni vizuri," akasema. "Leta kikapu, lori linakuja."

"Na mursik, mama?"

"Mursik si mliimaliza na wenzako."

Nikaanza kazi bila wimbo na bila jani moja shingoni. Nilijiambia nimestahili, nikafanya kazi. Mwezi wa kwanza ukaisha. Siku moja mchana niko mezani kwangu, mlango uko wazi kidogo, nikasikia mtu anapanda ngazi taratibu. Nikasikia sauti ninayoijua ikimsalimia msichana wa mapokezi, halafu ikateremka chini, sauti ya mtu anayeuliza jambo nyeti.

"Samahani, mami. Huyu Chelangat, ni kweli anafanya kazi hapa?"

"Ndiyo, mama. Chumba cha pili."

"Kabisa? Si kuja tu kuulizwa maswali?"

"Kabisa, mama. Tangu mwezi uliopita."

Kisha nikasikia zipu ya mkoba ikifunguka, na ushanga ukigonga ushanga.

Sasa mtu akinipongeza, hata kwa nguo mpya, namuuliza kwanza amesikia nini na kutoka kwa nani, na kama si kweli namwambia hapo hapo, hata kama mzigo wake ni mzito na lori linapiga honi. Siku ile mama aliingia, akafunga mlango, akanijazia kikombe kwa mikono miwili, na mimi nikanywa chote nikilia. Halafu nikaenda kusukutua mdomo kabla sijamtabasamia mtu yeyote.